Buti za Askari, Zikisomwa Koboko

Vitini ambavyo wanafunzi wangu hukariri kabla ya mtihani vina safu mbili: alama kushoto, maana kulia. Buti za askari: ukatili. Migomba: usalama wa nyumbani. Nafundisha fasihi Koboko, eneo la West Nile nchini Uganda, na safu hizo zimenichosha.

Tulikuwa tunasoma Waiting, riwaya ya Goretti Kyomuhendo iliyotoka 2007. Mambo yake yanatokea Hoima mwaka 1979: askari wa mtawala Idi Amin wanakimbia, na familia ya binti Alinda inalala migombani usiku kwa kuwaogopa. Nikauliza buti zinatuambia nini. Kijana mmoja wa nyuma akajibu, "Ada, mwalimu." Wenzake wakaangua kicheko, lakini yeye hakuwa anatania. Baba yake yuko jeshini. Buti zikionekana mlangoni, mwana anarudi shule. Kitini hakina mstari wa jibu hilo.

Alama yaweza kumfuta mtu: mwaka 1957 mhakiki Mfaransa Roland Barthes aliandika juu ya kijana mweusi mwenye sare ya jeshi, anapiga saluti kwenye jalada la gazeti la Paris Match. Msomaji anaona ukuu wa dola la Ufaransa. Kijana mwenyewe, pamoja na kwao na habari zake, amefutika. West Nile tumekaa kwenye jalada hilo muda mrefu. Waingereza walizoa vijana wa huku kwenda jeshi lao la kikoloni, King's African Rifles (Amin aliingia 1946), kisha wasimulizi wakamgeuza askari wetu kuwa alama ya kutisha bila kuuliza nani alimpeleka kambini. Chale tatu mashavuni, ambazo Kampala ya miaka ya sabini ilizitetemekea, hapa sokoni ni sura ya mzee anayeuza tumbaku na kubishana bei.

Sisemi kila jibu ni sahihi. Waliouawa na utawala wa Amin waliuawa, na anayesoma riwaya hii ili kumsafisha anaisoma vibaya. Kyomuhendo mwenyewe ni mwangalifu kuliko wanaomfundisha. Mtazameni yule mama aliyetoka Kongo: kijiji kinamwita Mlendu tu, kwa kabila, bila jina lake. Wanamshuku, na wakiugua wanazitaka dawa zake za miti. Kwake tulimaliza kipindi kizima, maana darasani mwangu wamo wenye ndugu ng'ambo ya mpaka, Kongo na Sudan Kusini, na kuitwa kwa kabila wanakujua. Hakuna aliyefungua kitini.

Migomba nayo haikuwashika. Huku twala ugali wa muhogo, na bibi zao hawakukimbilia migombani. Walivuka mpaka kwenda Zaire na Sudan.

Tena wengi walivuka Amin akiwa ameshaondoka. Oktoba 1980 jeshi la serikali mpya liliingia Arua kulipiza kisasi, na tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wa jeshi hilohilo waliwaua raia waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya mji. Wanajeshi hao ndio waliokuja na sifa ya ukombozi. Kwa hiyo nataka watunga mitihani waulize swali moja tu la nyongeza: alama hii anaisoma nani, akiwa wapi? Mwanafunzi wa Hoima na wa Ombaci wapewe ukurasa uleule wa buti, na wote wawili wapate maksi.