Una ndoa Kitengela na mwenye pasipoti ya Marekani? Jiandaeni kuulizwa mnaishi wapi

Ukitembea Kitengela, kuanzia Yukos hadi Milimani na ukateremka mpaka Korompoi, hutakosa kuonyeshwa nyumba na kuambiwa "hiyo ni ya mtu wa majuu." Zamani maana ilikuwa moja: mwenyewe yuko Texas au Minnesota, na nyumba inalindwa na binamu yake. Siku hizi kuna maana ya pili. Mwenyewe yuko ndani. Alirudi. Pasipoti ya Marekani iko kabatini, ya Kenya iko kando yake kwa kuwa Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, kazi anafanyia kwa laptopu sebuleni, maji ananunua ya boza kama sisi wengine, na ameoa au kuolewa hapa hapa.

Leo naongea na huyo, na zaidi naongea na wewe uliyefunga ndoa naye. Kuna siku inakuja mnakaa chini, mnapiga hesabu ya karo na ya maisha, mnasema haya, twende. Wengi mtaani hudhani kutoka hapo ni kujaza fomu tu. Yeye ni raia, wewe ni mke wake au mume wake, maneno yameisha.

Hayajaisha, na panapokwama si pale unapopafikiria.

Kuna sehemu ambayo mtaa unasema kweli. Mume au mke wa raia wa Marekani hawekewi kikomo cha idadi ya viza kwa mwaka, kwa hivyo hakuna foleni ya miaka kumi kama ile ya ndugu. Raia anawasilisha fomu I-130, ambayo tangu Aprili 2024 ni dola 675 ukituma karatasi au 625 ukijaza mtandaoni. Ikikubaliwa, faili inaenda kwenye kituo cha viza cha taifa kilichoko Portsmouth, New Hampshire, ambako mnalipa dola 325 za viza na 120 za fomu ya udhamini. Halafu wewe unachukua cheti cha tabia njema cha DCI, Sh1,050 kwa eCitizen, unapimwa afya, unaitwa mahojiano Gigiri. Yote hayo kwa kawaida huzidi mwaka.

Hadi mwanzoni mwa 2020, Mmarekani aliyekuwa akiishi Kenya aliweza kupeleka I-130 yake papa hapa Nairobi. Kuanzia Februari 1, 2020 mlango huo ukafungwa. Sasa anayeishi Kitengela hutuma maombi Marekani kama aliyeko Dallas. Ubalozi umebaki na ruhusa ya kupokea kwa dharura chache, mojawapo ikiwa raia amepewa uhamisho wa kikazi wa ghafla kurudi kwao. Kampuni kubwa ikikuhamisha, mlango upo. Ukiwa na biashara yako ya mtandao ukaamua mwenyewe kuhama, pole, panga laini. Mimi naona huo ni ubaguzi wa kimyakimya, lakini tuendelee.

I-130 huuliza jambo moja: hii ndoa ni ya kweli? Na nyinyi mna ushahidi wa kutosha. Mnaishi nyumba moja. Mna mtoto anayesoma shule ya hapo karibu. Mna ploti yenye majina mawili kwenye hati. Stima, kodi ya nyumba, M-Pesa za kila siku kati yenu, picha na mathe wa kila upande. Wenzenu wa uchumba wa WhatsApp huhangaika miaka kutafuta karatasi kama hizo. Nyinyi mnapita.

Sasa geuza ukurasa. Fomu ya pili, I-864, ni ya udhamini wa fedha, na anayeitia saini lazima awe na domisili Marekani. Usiogope neno. Maana yake ni makao yako makuu, pale unapopahesabu kuwa kwako. Afisa anaangalia yale makaratasi mliyoleta kwa furaha: nyumba Kitengela, shule Kitengela, ploti Kitengela, kazi Kitengela. Ushahidi ule ule uliothibitisha kuwa mnapendana ndio sasa unathibitisha kuwa mdhamini wako haishi Marekani.

Hapo ndipo watu hupewa karatasi ya 221(g) siku ya mahojiano, yaani viza imesimama hadi mlete kitu fulani, na wanarudi na matatu ya Namanga Road wakidhani wamenyimwa kwa sababu ya sura zao.

Sheria yenyewe ina mantiki, lazima niseme. I-864 ni mkataba. Mdhamini anaahidi kuwa mgeni hataangukia misaada ya serikali, na ahadi hiyo inaweza kupelekwa kortini. Wamarekani hawataki kumshtaki mtu aliyeko Isinya. Na mkataba wenyewe ni mkali kuliko wengi wanavyoelezwa na ajenti: unadumu mpaka aliyedhaminiwa awe raia, au afikishe robo 40 za kazi, ambazo kwa mfanyakazi wa kawaida ni kama miaka 10, au aondoke nchini kabisa na kuiacha grini kadi, au mmoja wenu afe. Talaka haiuvunji. Mkiachana mwaka wa pili, bado uko ndani. Ukimwomba binamu wa Minnesota akusaidie kutia saini, hakikisha amelisoma hilo, kwa sababu hata yeye atafungwa nalo hivyo hivyo.

Na hapo kwa binamu pana uongo mwingine unaozunguka mtaani: kwamba ukipata mdhamini mwenza mwenye mshahara mzuri, suala la makao limekwisha. Hapana. Mdhamini mwenza anaziba pengo la pesa. Domisili ya mume au mke mwenyewe haizibiki na mtu mwingine. Bila yake hata huyo binamu hana kazi.

Basi mtu aliyerudi nyumbani afanye nini? Kuna kundi dogo ambalo sheria inalihesabu kuwa bado liko Marekani hata likiwa Kenya: wanaofanyia kazi serikali ya Marekani, kampuni fulani za Marekani, taasisi za utafiti zinazotambuliwa, wamishonari. Mwingine yeyote anatakiwa aonyeshe mojawapo kati ya mawili. Ama alitoka kwa muda tu na hakuwahi kukata mizizi kule, ama anarudi kuishi huko na ameshaanza kuhama kwa vitendo. Akaunti ya benki iliyo hai. Barua ya kazi, au angalau maombi ya kazi yaliyojibiwa. Mkataba wa nyumba, hata kama ni chumba kwa dada yake chenye barua ya dada. Shule ambayo mtoto ameombewa nafasi. Leseni ya udereva ya jimbo. Kura alizopiga akiwa nje. Na ritani za ushuru, maana raia wa Marekani hujaza ritani ya IRS popote alipo duniani, si kama KRA unayoikumbuka Juni 30 usiku. Nimeona jamaa wengi waliorudi ambao hawajui hilo kabisa, na I-864 inadai ritani ya mwaka wa karibuni.

Sasa sikia hii, kwa sababu inavunja familia bure. Kuna imani kwamba lazima raia atangulie, akae miezi sita au mwaka, ndipo aliyebaki aitwe. Matokeo yake unaona mama na mtoto wa miaka miwili wamebaki Noonkopir, baba anaendesha teksi ya mtandao Houston, wanalea ndoa kwa video. Sheria haidai hivyo. Inaruhusu mdhamini aingie Marekani pamoja nawe, siku moja, ndege moja, mradi ameonyesha hatua za kweli za kuhamia na hatakuacha uingie kabla yake. Wengine hutangulia kwa sababu ushahidi wao ni mwembamba, na kwao huenda ndiyo njia pekee ya kuunenepesha. Lakini hilo liwe uamuzi wenu baada ya kuangalia makaratasi, lisiwe amri ya ajenti wa ghorofa ya pili anayelipwa kwa kila fomu.

Pesa ni kikwazo cha pili. Kwa viwango vya 2025, familia ya watu wawili ilihitaji kipato cha dola 26,437 kwa mwaka, ambazo zilikuwa asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani. Kwa Sh129 kwa dola hizo ni kama Sh3.4 milioni. Ukiwa na mtoto anapanda. Na kipato kinachohesabiwa ni kile kitakachoendelea mkishafika. Duka lake la vifaa vya ujenzi hapo Kitengela, hata likiwa linaingiza doo namna gani, linahesabiwa sifuri kama litafungwa au kuachiwa ndugu. Mshahara wako wa EPZ, sifuri. Anayefanya kazi ya mtandaoni kwa kampuni ambayo itaendelea kumlipa akihama, huyo ndiye amekaa vizuri.

Mali inaweza kuziba pengo, ila kwa hesabu ya mara tatu kwa mume au mke wa raia. Yaani kwa viwango hivyo vya 2025, kama kipato kilikuwa sifuri, ulihitaji mali ya dola 79,311, zaidi ya Sh10 milioni, inayoweza kugeuzwa kuwa pesa ndani ya mwaka mmoja bila hasara kubwa, na pesa hizo ziweze kutoka Kenya. Ploti moja ya hamsini kwa mia haikufikishi huko, labda iwe na ghorofa juu yake. Ila kuna jambo ambalo hata baadhi ya waliosomea mambo haya hulipita (mimi niliacha chuo, nasoma maelezo ya fomu polepole): kuiweka ploti sokoni ni ndege wawili kwa jiwe moja. Inatoa thamani ya pesa, na inaonyesha kuwa hapa mnaondoka kweli.

Kwa wale wa Kajiado ndani zaidi, kuna suala la ndoa yenyewe. Wazee walikubaliana, ng'ombe walifika, sherehe ilifanyika, kila mtu kijijini anajua huyu ni mke wa nani. Kwa Sheria ya Ndoa ya 2014 hiyo ni ndoa halali ya kimila, lakini sheria hiyo hiyo inataka isajiliwe na mtoe cheti. Ubalozi hautasoma picha za ng'ombe. Na kama mume tayari ana mke mwingine kimila, mila inamruhusu na sheria ya Kenya inamruhusu, ila Marekani inamtambua wa kwanza tu. Hilo lijue kabla hujalipa dola 675.

Tuseme mwenzako hana uraia, ana grini kadi tu, na amekaa Kitengela miaka miwili. Huyo ana shida kubwa kuliko yako. Akikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurejea, kadi yenyewe inahesabika kama aliyeiacha, na mke wa mwenye kadi yuko kwenye foleni yenye kikomo. Kanada wako wazi zaidi: raia anaweza kudhamini akiwa nje mradi aonyeshe atarudi kuishi huko, ila mkazi wa kudumu asiye raia lazima awe ndani ya Kanada. Uingereza wao wanauliza pesa kwanza, pauni 29,000 kwa mwaka tangu Aprili 2024, na mdhamini anayerudi kutoka nje hutakiwa kuwa na kazi inayomsubiri.

Mwaka wa 2025 uliongeza joto. Juni, Trump alitia saini marufuku ya usafiri iliyogusa jirani zetu Somalia, Sudan na Burundi. Kenya haikuwemo. Agosti, idara ya uhamiaji ikatoa mwongozo mpya wa kuchunguza maombi ya familia kwa jicho kali. Kuanzia Novemba 1, mwombaji wa viza ya uhamiaji anahojiwa katika nchi anamoishi au nchi ya uraia wake, kwa hivyo ile mbinu ya kutafuta ubalozi mlegevu nchi nyingine imeisha. Katika hali hii, ukishauriwa mtengeneze mkataba feki wa nyumba kule ili domisili ipite, kataa. Anayekamatwa na uongo si mdhamini peke yake. Ni pia wewe mwombaji, na adhabu yake inaweza kuwa kufungiwa viza maisha.

Mwisho, mwangalieni mtoto kabla ya kumlipia chochote. Kama mzazi aliye raia aliishi Marekani jumla ya miaka mitano kabla mtoto hajazaliwa, miwili kati yake akiwa ameshapita umri wa miaka 14, na mlikuwa mmeoana, mtoto huyo aliyezaliwa Kitengela huenda ni Mmarekani tangu siku ya kwanza. Hahitaji viza. Anahitaji ripoti ya kuzaliwa nje ya nchi, inayoombwa ubalozini Gigiri kabla hajafika miaka 18. Bebeni cheti chake cha kuzaliwa, cheti chenu cha ndoa, na ushahidi wa ile miaka mitano: karatasi za shule, za mshahara, za kodi ya nyumba. Pasipoti pekee haionyeshi ulikaa wapi.