Fushimi Inari si ya saa nne asubuhi

Ndugu mwandishi, makala yako ya safari ya Japani imenoga, ila kwa Fushimi Inari umewapeleka watu saa mbaya. Saa nne pale Kyoto ni kusukumana tu. Hekalu lile halina kiingilio wala halifungwi usiku. Fika alfajiri, panda mlima kupitia yale malango ya rangi ya machungwa, na wakati unashuka wenzako ndio kwanza wanateremka kwenye treni.

Soko la Nishiki, hapohapo Kyoto, ni zuri kwa macho, lakini usile huku unatembea. Wenye vibanda wanataka umalizie palepale uliponunua. Kwa tumbo, mimi nachagua ghorofa za chini ya ardhi za maduka makubwa ya Osaka. Jioni, wakikaribia kufunga, vyakula vilivyopikwa siku hiyo hubandikwa karatasi za punguzo. Subira inalipa.

Ajabu hujagusa habari ya halali, na wasomaji wako Waislamu si haba! Supu ya rameni, zile tambi za Kijapani, mara nyingi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe, na mirin, kileo kitamu cha mchele, huingia hata kwenye mboga. Nendeni Kobe, kama nusu saa kwa treni kutoka Osaka. Jirani na msikiti wake wa mwaka 1935, wa kwanza nchini Japani, kuna migahawa na duka la halali.

Halafu bebeni mfuko wa taka. Mapipa barabarani ni ya kutafuta kwa tochi.