Bango Tulilolinunua Wenyewe

KANDO YA BARABARA
Na Mwikali Nzioka

Ukipita kwenye vinyozi na mabucha ya Kithyoko jioni, utaona kwamba zile runinga za mgongo mnene zimekwisha. Siku hizi ukutani pametundikwa kioo chembamba cha inchi 32, kinavuta intaneti kwenye simu ya mwenye duka au kisahani cha Starlink kilicho juu ya mabati, na benga ya Kativui au ya Maima inarindima kutoka YouTube. Kabla ya wimbo, tangazo. Wimbo ukinoga, tangazo. Mara programu ya mikopo, mara kamari, mara ploti za Kitengela. Anayenyolewa hana pa kugeuzia shingo, kwa hiyo anatazama.

Hebu tuulizane nani analipia nini hapo. Runinga kainunua kinyozi. Stima analipa kinyozi, nasi ndio majirani wa bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981 ili nchi ipate umeme. Bando ni lake pia, na tangazo linalila bando lilelile linaloliwa na wimbo. Mwenye tangazo yeye anailipa Google. Msanii akiwa amefuzu masharti ya YouTube hupata fungu, na halali yake. Hata serikali imejikatia chake: Januari 2021 ilianza kutoza huduma za kidijitali asilimia 1.5 ya mapato, na Desemba 2024 ikaleta ushuru mwingine mahali pa huo kwa kampuni za nje zinazochuma hapa. Aliyekitundika kioo ukutani ndiye pekee asiyeambulia kitu.

Sisemi runinga hizi zing'olewe. Nani atasahau Februari 2015, wakati Citizen, NTV na KTN zilipozimika kwa karibu wiki tatu katika ule mvutano wa kuhamia dijitali, tukabaki kutazama kioo cheusi na kubishana kuhusu ving'amuzi? Mei mwaka huohuo Safaricom ikaleta Big Box, kisanduku cha runinga na intaneti kwa pamoja, kwa shilingi 9,999. Hakikudumu. Intaneti yenyewe ndiyo ilikuwa bado ghali na nzito. Leo mtu anafungua anachotaka, saa anayotaka, kwa Kikamba akipenda. Hilo ni jambo jema, na atakayesema turudi kwenye antena ya waya wa nguo aende peke yake.

Ninachopinga ni ushauri unaozunguka sokoni. Kuna vijana wanaojiita wataalamu wa masoko ya mtandaoni, na wanawaambia wenye hoteli, hardware na agrovet: toa pesa, tangazo lako litokee kwenye runinga za watu majumbani. Linasikika tamu. Ila runinga haina kifaa cha kuonyesha iko kijiji gani, kama simu ilivyo nacho. Mtangazaji anakisia mahali ilipo kwa anwani ya intaneti, na anwani za mitandao yetu ya simu mara nyingi husomeka kama za Nairobi. Basi mwuza mbegu wa Kithyoko atalipia tangazo la ndengu, likatazamwe na mpangaji wa mtaa wa Pipeline kule Nairobi ambaye hata kibaraza cha kuotesha sukumawiki hana. Kwa mwuza magari au benki yenye matawi nchi nzima, hiyo si hasara. Kwa duka moja lililo kando ya barabara ya Garissa, ni kumwaga pesa. Afadhali hata Musyi FM au Mbaitu FM: angalau ujumbe utafika kwa Wakamba, japo utalipia na masikio ya Makueni yasiyokuja kwako kamwe.

Wakati huohuo, mwenye duka ana skrini yake mwenyewe inayotazamwa na wateja wake mwenyewe. Sijui kwa nini hili halionekani. Abiria wa Mwingi na Garissa wanaposhuka kutafuta chai, macho yao yanakwenda kwenye kioo kabla hayajamwona mhudumu. Waonyeshe muthokoi unaotoka mvuke, bei, na nambari ya till. Agrovet ionyeshe dawa ya nzi wa matunda kabla maembe hayajaanza kuiva, si baada ya yale ya Apple na Ngowe kuoza chini ya mti. Mwuza samaki wa bwawani aonyeshe samaki wa asubuhi ile. Picha kumi na video mbili za simu, ziwekwe kwenye flashi, flashi ichomekwe nyuma ya runinga, zizunguke mchana kutwa. Haihitaji bando wala mtaalamu wa kutoka mjini. Ukichoka, rudisha benga. Na kijana mwenye mkono mwepesi wa kupiga picha akilipwa kidogo kila wiki kuzibadilisha, hapo tumepata kazi ambayo haikuwepo.

Nyumbani hesabu ni tofauti kidogo. Video iliyo safi (HD) hula takriban gigabaiti 3 kwa saa, na ile ya kawaida kama 1. Starlink ilipoleta kifurushi cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300 mwaka 2024, watu walishangilia. Ukitazama picha safi saa mbili kila jioni, kinaisha siku ya nane au ya tisa. Punguza ubora kwenye mipangilio. Kwenye kioo cha inchi 32 hutaona tofauti kubwa, isipokuwa wewe ni fundi wa macho.

Sasa kuna huyu fundi wa kuleta runinga. Anaifunga ukutani, anaiwasha, na kila skrini inapouliza swali anabonyeza kukubali, kukubali, kukubali. (Wengine huingiza hata akaunti yao ya Google, ukajikuta nyumba nzima inapendekezewa mieleka anayoipenda fundi.) Katika hizo kubali kuna ruhusa ya runinga kutambua kila unachotazama na kukipeleka kwa watengenezaji. Huu si uvumi wa kijiweni. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 nchini Marekani kwa kukusanya habari hizo kutoka runinga milioni 11 bila wenyewe kuridhia. Sisi tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na kuna ofisi ya Kamishna wa Data ya kupokea malalamiko, lakini sheria haiwezi kukutetea kwa ruhusa iliyotolewa na fundi ukiwa jikoni unamchemshia chai. Ingia mwenyewe sehemu ya faragha, uizime ruhusa hiyo.

Na tukirudi dukani, maafisa wa mapato wa kaunti wakipita na risiti zao, wakitaka kujua kama skrini iliyo ndani ya hoteli nayo ni bango la kulipiwa, wajibiwe kwa heshima kwamba bango liko nje na limeshalipiwa. Hii ya ndani ni menyu.