Moshi wa Ubungo na Taa za Chwaka

Disemba 2009 waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika, Unguja ilikaa gizani miezi mitatu. Hapa Chwaka tulilalamikia, na kwa haki, moshi wa majenereta yaliyonguruma madirishani mwetu. Umeme uliporudi Machi 2010, tukanyamaza. Je, moshi nao ulikoma?

La, ulikuwa kwa jirani. Tangu 2004 sehemu ya umeme wa Bara huzalishwa Ubungo kwa gesi ya Songo Songo. Gesi ni nafuu kuliko dizeli, hatukatai. Lakini mtambo mkongwe unaowashwa kwa haraka mahitaji yakipanda hupoteza takriban thuluthi mbili za joto la gesi hiyo, na hutoa oksidi za naitrojeni zinazodhuru mapafu. Na mahitaji hupanda lini? Baina ya Magharibi na Isha, saa ile ile tunapowasha kila feni msikitini, hata safu zikiwa mbili!

Maji ya Rufiji yameanza kuzalisha umeme 2024, alhamdulillahi, ila mitambo ya gesi ingalipo Ubungo na Kinyerezi. Tunaziomba kamati za misikiti zianze leo kuzima feni za safu zisizo na watu.