Ukiota Moto Nyumbani, Moshi Upewe Njia

Mwezi wa Julai ukiingia hakuna haja ya kutazama kalenda. Hapa Nairobi wingu hutanda tangu alfajiri kama dari, maji ya mfereji huuma vidole, na kumtoa mtoto kitandani aende shule huwa kazi ya kutoa jasho. Wageni wakisikia kuwa tuko karibu na ikweta hudhani tunaungua jua mwaka mzima. Hawajui kuwa jiji hili limekaa takriban mita 1,700 juu ya bahari. Na wenzetu wa Limuru, Kinangop na Nyahururu, ambao wamepita mita 2,000, wanatucheka tunapolalamika.

Mama mmoja wa Limuru ameniletea shauri la nyumbani kwake. Yeye na mumewe wamepanga nyumba ya mawe iliyojengwa zama za wakoloni, na sebuleni mna meko ya ukutani yenye dohani ya kutoa moshi juu ya paa. Kila jioni wanachoma mzigo mzima wa kuni. Lakini anayeketi karibu na moto anaungua magoti huku mgongo ukiganda, na vyumba vya kulala ni baridi vilevile. Sasa mumewe ametoa shauri: meko yazibwe, na usiku jiko la makaa liingizwe chumbani kwa watoto. Mama anauliza ni nani aliye na haki.

Ukweli ni kwamba bwana huyo hakukosea aliposema kuwa meko yao yanakula pesa. Lakini dawa aliyoichagua ni sumu. Hebu tuyachukue mambo haya moja baada ya jingine.

Moto hula hewa. Meko yaliyo wazi huvuta hewa ya sebuleni, ile ile ambayo umeipasha moto kwa kuni zako, na kuipeleka juu kwa dohani. Mahali pake huingia hewa baridi kupitia chini ya mlango na nyufa za madirisha. Ndiyo maana mgongo unaganda. Katika joto lote lililomo ndani ya kuni, meko ya namna hiyo aghalabu hukuachia kama sehemu moja tu kati ya kumi. Zilizobaki unawapashia moto ndege wa angani.

Shida hii si ya leo. Mwaka wa 1744 huko Philadelphia, Marekani, Benjamin Franklin, yule yule aliyechunguza umeme wa radi, alichapisha kijitabu kueleza jiko la chuma alilobuni la kuwekwa mekoni. La kwake lilikuwa na kasoro katika kutoa moshi, na wengine wakaja kulirekebisha. Lakini wazo lilikuwa sawa: chuma kinashika joto na kulitoa polepole chumbani badala ya kuliacha lipae.

Wazo hilo ndilo lililozaa jiko la chuma la kuingizwa mekoni. Ni sanduku zito linalosukumwa ndani ya meko ya zamani. Lina mlango, mara nyingi wa kioo kisichopasuka kwa joto, na kitundu cha kupimia hewa. Ukikifungua zaidi, moto unawaka kwa nguvu. Ukikipunguza, gogo linadumu. Moshi hupita kwa bomba lake ndani ya dohani, na hewa ya chumba huzunguka ubavuni mwa sanduku ikitoka na joto. Jiko zuri la aina hii laweza kukupa theluthi mbili za joto la kuni au zaidi. Kwa hivyo, mama, msiyazibe meko yenu. Zungumzeni na mwenye nyumba, kisha mtafute fundi.

Ukimpata fundi, mwangalie kazi yake kwa makini. Kwanza, achunguze dohani yote, kwa maana nyumba nyingi za zamani zina viota vya ndege na nyufa zilizofichwa na masizi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa dohani ni mbaya zaidi, kwani hupitisha moshi na cheche hadi kwenye mbao za paa. Pili, bomba la moshi lipande mpaka juu kabisa, lisiishie katikati ya dohani. Tatu, chuma kiwe kinene. Bati jembamba hujipinda kwa joto na kutoboka baada ya muda mfupi.

Kuni nazo zina elimu yake. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiuchoma, moto unafanya kazi ya kuchemsha maji hayo kabla ya kukupasha wewe. Moshi wake mzito hupoa njiani na kuganda ndani ya dohani kama lami, na lami hiyo siku moja yaweza kushika moto. Pasua kuni zako, ziwe za muwati au mkaratusi, uzipange chini ya paa mahali penye upepo kwa miezi sita au zaidi. Zilizokauka zina nyufa mwishoni, na ukizigonganisha zinalia kwa sauti kali. Usichome mbao zenye rangi, nguzo zilizotiwa dawa wala plastiki, kwa maana moshi wake ni sumu. Dohani isafishwe angalau mara moja kwa mwaka kabla ya msimu wa baridi. Majivu yatolewe kwa ndoo ya chuma yenye kifuniko na kuwekwa nje, kwani kaa laweza kukaa hai chini ya jivu kwa siku kadhaa. Viti na mapazia yakae mbali, kama mita moja hivi, na wenye watoto wadogo waweke kizuizi mbele.

Sasa turudi kwa lile jiko la makaa. Makaa yakishakolea huwa mekundu, mazuri, bila moshi. Hapo ndipo tunapodanganyika. Yanatoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, harufu wala ladha. Hewa hii ikiingia mapafuni hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyofanya, na mwili unanyimwa pumzi huku mtu akivuta pumzi kama kawaida. Aliyelala haamki. Jiko likifunikwa jivu bado linaitoa. Tena dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutegemewa.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea, na wengi huzidhania malaria au uchovu. Mkiwa na moto ndani, na watu wawili au watatu wakaumwa kichwa kwa pamoja, msingoje. Tokeni nje wote kwenye hewa safi, kisha mwende hospitali mkaeleze kuwa mlikuwa na moto nyumbani. Wenye meko pia wasijione wamepona: usifunge kabisa dohani au mlango wa hewa ilhali makaa bado ni mekundu, kwa maana hewa ni ile ile.

Najua wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaishi kwenye fleti au chumba kimoja kisicho na dohani. Wanafunzi wa vyuo wanaopanga vyumba ndio hasa wanaojaribiwa kuacha jiko lililopikia chakula likae ndani mpaka asubuhi. Kwenu ushauri ni mmoja: jiko likishapika litoke. Baada ya hapo, ziba nafasi ya chini ya mlango kwa nguo iliyokunjwa, na kumbuka kuwa chumba kilichozibwa hivyo hakistahili moto wa aina yoyote. Shusha mapazia kabla jua halijatua. Vaa soksi, tia maji moto kwenye chupa isiyovuja, uifunge kwa taulo na kuiweka miguuni. Watoto walale pamoja chini ya blanketi mbili, baada ya kunywa kikombe cha uji.

Baridi hii ni mgeni, na Septemba itaaga. Tuipokee kwa sweta na blanketi, na jiko lilale nje. Tukutane Jumapili ijayo.