Honda Fit Iliyoboreshwa: Chukua Gari, Acha Haibridi

Swali ninaloulizwa zaidi na watu wa hapa Maua siku hizi si la kompyuta, ni la gari. "Wewe umesomea mambo ya kompyuta, hebu niambie, hizi Fit mpya ni nzuri?" Unaweza kudhani swali limekosea mlango, lakini halijakosea. Gari dogo la familia la siku hizi ni kompyuta kadhaa zilizofungwa magurudumu. Na anayeuliza mara nyingi ni mwalimu au muuza miraa anayetaka kuchukua mkopo wa sacco. Akichagua vibaya, atalipa deni la gari lililo juu ya mawe.

Kwa wale wasio na muda wa kusoma hadi mwisho, jibu langu ni hili: Fit iliyoboreshwa ni gari zuri, lakini kama unaishi upande huu wa Nyambene, nunua ile ya petroli ya lita 1.3. Haibridi waachie walio karibu na fundi mwenye kompyuta ya kuisoma. Sasa nieleze kwa nini.

Tuanze na neno "mpya". Hapa Kenya, gari jipya la mwananchi wa kawaida ni lile ambalo Mjapani amelichoka. Kiwango cha KS 1515 kinakataza kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo kila Januari mstari unasogea mwaka mmoja mbele. Januari 2025 ulifika kwenye magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2018. Fit ya kizazi cha tatu ilizinduliwa Japani Septemba 2013, ikaboreshwa Juni 2017. Piga hesabu mwenyewe: tangu Januari hiyo, Fit za kizazi hicho zinazoshuka Mombasa karibu zote ni zile zilizoboreshwa. Hukuchagua toleo, sheria imekuchagulia.

Je, nini kiliboreshwa? Ukisikiliza wauzaji wa yadi watakuonyesha bampa na taa. Hayo ni rangi ya ukutani. Badiliko kubwa la 2017 ni mfumo wa Honda Sensing, yaani kamera nyuma ya kioo cha mbele pamoja na rada, vinavyoweza kukuonya, kupiga breki na kusaidia usukani. Mwili wa gari ulibaki uleule, na hilo ni jambo jema. Honda waliweka tangi la mafuta chini ya viti vya mbele, ndiyo maana viti vya nyuma vinaweza kukunjwa chini hadi sakafu iwe tambarare, au makalio ya kiti yakainuliwa juu ukabaki na nafasi ndefu ya kusimamisha mzigo. Kwa gari la ukubwa ule, sijaona mpango bora zaidi. Jumatatu unapeleka watoto shule, Jumanne unabeba ndizi na mitungi ya maji, na Jumapili familia inaenda kanisani bila mtu kukaa amekunja magoti.

Ubaya wa kwanza hauhitaji kompyuta kuuona: gari liko chini. Fit isiyo ya magurudumu manne ina nafasi ya takribani milimita 135 kutoka ardhini. Ukiwa na watu watano na gunia nyuma, inapungua. Barabara ya lami kutoka Meru kupitia Kianjai na Kangeta hadi hapa haitakusumbua, isipokuwa kwenye matuta. Lakini kama nyumba yako iko ndani, kwenye njia ya udongo mwekundu ambayo mvua ya Novemba huichimba mitaro, pima njia yako kwanza kabla ya kupima bei ya gari.

Ubaya wa pili ndio unaonihusu mimi kama mwandishi wa programu. Fit Haibridi ya kizazi hiki hutumia mfumo unaoitwa i-DCD: injini ya lita 1.5, mota moja ya umeme na giaboksi ya gia saba yenye klachi mbili kavu. Hakuna pedali ya klachi. Kompyuta ndiyo inayoamua sekunde kwa sekunde klachi ipi ishike, injini izimwe au iwashwe, mota isukume au ichaji betri. Kwenye karatasi ni ajabu. Baada ya maboresho ya 2017, Honda walitangaza kilomita 37.2 kwa lita kwa toleo jepesi kabisa, katika vipimo vya maabara vya Japani.

Lakini waulize walioinunua mwanzoni. Kati ya Oktoba 2013 na Oktoba 2014, Honda waliita magari ya Fit Haibridi yarudi kurekebishwa mara tano. Kadhaa kati ya hizo hazikuwa za chuma kilichovunjika. Zilikuwa za programu. Ile ya Julai 2014, iliyogusa zaidi ya magari 175,000 ya Fit na Vezel haibridi, ilikuwa ya programu ya kuongoza injini ambayo ingeweza kufanya gari liongeze kasi ghafla. Baada ya ile ya tano, rais wa kampuni wakati huo, Takanobu Ito, alikatwa asilimia 20 ya mshahara kwa miezi mitatu.

Magari ya 2018 yalitoka kiwandani baada ya marekebisho hayo, kwa hiyo sisemi kwamba yana ugonjwa uleule. Ninachosema ni hiki: Mjapani gari lake likileta matata, analirudisha kwa Honda, wanaweka programu mpya, anaenda nyumbani. Wewe utalirudisha wapi? Fundi wetu wa jua kali anaweza kukufungulia injini macho yakiwa yamefumba, lakini hawezi kufungua programu ambayo hana chombo cha kuisoma. Na klachi kavu haipendi kutambaa mlimani katika msongamano huku mguu ukiwa nusu nusu kwenye mafuta, kwa sababu hapo huteleza na kupata joto. Sasa tazama milima yetu, na tazama Maua siku ya soko.

Wapenzi wa haibridi wataniambia mafuta ni ghali. Haya, tupige hesabu. Tuseme unatembea kilomita 15,000 kwa mwaka. Tuseme ya petroli inakupa kilomita 15 kwa lita na haibridi 20. Ya kwanza inakula lita 1,000, ya pili 750. Umeokoa lita 250. Tukichukua lita moja kuwa shilingi 180, hizo ni shilingi 45,000 kwa mwaka. Kama haibridi ilikuzidi bei kwa shilingi 150,000, utahitaji zaidi ya miaka mitatu kurudisha pesa hiyo, na hapo betri wala klachi haijaguswa. Weka namba zako badala ya zangu. Anayeendesha teksi mjini Nairobi atapata jibu tofauti, na atakuwa sahihi.

Vipi kuhusu Honda Sensing? Breki ya dharura ni kitu cha maana, na nisingependa mtu aidharau. Lakini kusaidiwa kukaa kwenye mstari kunahitaji mstari, na mistari yetu mingi imefutika. Pia kumbuka kamera iko kwenye kioo. Jiwe likirushwa na lori na kioo kikapasuka, kubadilisha kioo peke yake hakutoshi, kamera lazima ipangwe upya kwa vifaa maalum. Uliza gharama hiyo kabla, na uliza kama bima yako inaigharamia.

Halafu kuna mambo madogo yatakayokukera kila siku. Ramani ya gari inaijua Osaka, haiijui Laare. Redio ya Japani huanzia 76 na kuishia 90 au 95, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa hutazipata bila kibadilishi. Baya zaidi, maonyo kwenye dashibodi yanaweza kuandikwa Kijapani. Taa nyekundu yenye maandishi usiyoweza kuyasoma si onyo, ni pambo! Mwambie muuzaji akuonyeshe lugha ya skrini kabla hujalipa.

Kabla ya kulipa, pia, dai karatasi ya mnada ya Japani na ulinganishe namba ya chesisi na kilomita zilizoandikwa. Alama R maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Kisha nunua au uazime kisomaji cha OBD cha Bluetooth, kichomeke chini ya usukani, usome kwa simu hitilafu zilizohifadhiwa. Muuzaji akikataa, amekujibu.

Mtu atasema, "Kwa nini usinunue Probox tu?" Ni hoja nzito. Meru nzima inaijua Probox, na spea zake ziko kila kona. Ila Probox ilitengenezwa kwa ajili ya kazi, na mwenye familia anayebeba watoto kuliko mizigo ana haki ya kutaka kiti kizuri. Wengine watasubiri Fit ya kizazi cha nne, iliyotoka Februari 2020. Humo Honda wenyewe waliachana na ile giaboksi ya klachi mbili, wakaweka e:HEV yenye mota mbili. Mimi nikiona mtengenezaji ameufuta mfumo wake mwenyewe badala ya kuutia viraka zaidi, huwa napata ujumbe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji: lita 1.3, CVT, karatasi ya mnada mkononi, skrini unayoweza kuisoma. Kama fundi wa mtaani kwako ana mashine ya kusoma i-DCD na ameshatengeneza moja ikapona, niandikie uniambie yuko wapi. Wengi hapa watafurahi kumjua.