Kuunganisha Sawa, Kufuta Jina Hapana

Jamani, leo naomba niwaseme wenzangu tunaocheza Dungeons & Dragons kwa kompyuta, kila mtu kwake, dadu zikirushwa kwenye skrini. Kumezuka mtindo wa kukusanya viumbe waliobuniwa na watu ishirini tofauti, kuwabandika katika faili moja kubwa, kisha kulisambaza kana kwamba limedondoka toka mbinguni.

Kabla hamjanirushia mawe: sipingi kuunganisha. Nani anataka kupekua mafaili arobaini akimtafuta zimwi mmoja huku wachezaji wanasubiri? Ninachopinga ni kinachopotea njiani.

Chukua Fantasy Grounds, programu iliyopo tangu 2004. Moduli yake ni faili la zip lililobadilishwa herufi za mwisho tu. Lifungue, utakuta db.xml, wanamokaa viumbe wenyewe, na definition.xml, lenye jina la moduli na la mtunzi. Mnauona mtego? Jina la mtunzi liko kwenye jalada, si kwa kiumbe. Ukihamishia viumbe wa watu kumi kwenye db.xml moja, majalada kumi yanabaki nyuma na mtunzi unakuwa wewe uliyenakili na kubandika! Namba mnakumbuka kuzibadilisha, maana kila faili lina id-00001 yake na zikigongana mchezo unavurugika. Jina likipotea hakuna kinachovurugika kwenye skrini, basi mnaliacha.

Utetezi wenu naujua: "Si wametoa bure?" Hivi kitu cha bure hakina mwenyewe? Januari 2023 Wizards of the Coast walipotaka kuibana leseni ya OGL, wachezaji walipiga kelele mpaka kampuni ikarudi nyuma na kuzitoa kanuni za SRD 5.1 kwa leseni ya CC BY 4.0. Leseni hiyo inakuruhusu hata kuuza, ila lazima umtaje uliyechota kwake. OGL ya mwaka 2000 nayo ilidai uorodheshe hakimiliki za wote uliochota kwao. Yaani kampuni ikigusa haki zenu mnawaka, halafu kijana aliyekesha akipima zimwi wake awe na nguvu kiasi gani asiue kikosi kizima, huyo mnamfuta?

Dawa ni mstari mmoja ndani ya maelezo ya kila kiumbe: kabuniwa na fulani. Au acheni moduli zilivyo, programu inafungua nyingi kwa pamoja.

Na wewe mwenye lile faili la juzi, lenye viumbe wangu saba: nimekuandikia mara mbili. Bado nasubiri.